Karani na Mashine ya Milango Mitatu

Nilimvumilia Karani mpaka asubuhi ile aliponikabidhi cheti cha kifo cha mtoto niliyekuwa nimembeba mgongoni.

Alinipa kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni kikombe cha uji. Nilikuwa nimeshatia sahihi, kwa sababu pale unatia sahihi kwanza ndipo unapewa. Karatasi ilikuwa bado na joto la mashine. Juu nembo, chini ya nembo habari za kifo, na katikati, kwa herufi nyeusi zilizonyooka, majina yote ya binti yangu: Jerusha Nkatha Muriungi. Nilimsikia akipumua kwenye shingo yangu. Nikasoma tena. Majina hayakusogea.

“Nini hii, Karani?”

“Ndiyo imetoka, mwari.” Mwari, yaani binti kwa Kimeru, ndivyo alivyoniita siku zote.

“Mimi nilikuja kuchukua cheti cha kuzaliwa.”

“Mimi sichagui. Jina limeitwa, jina limetoka.”

Sijui hasira huwajia wenzangu wapi. Mimi hunijia mikononi. Niliinua ule ubao wa kaunta ambao mwananchi haruhusiwi kuinua, nikaingia chumba cha printa na mtoto mgongoni, nikashika waya ya kwanza niliyoiona, ya bluu, nikaivuta. Ilitoka na plasta ya ukuta. Nilitaka ile mashine inyamaze tu. Haikunyamaza. Ilimeza karatasi nyingine, ikakoroma, ikatema, ikameza nyingine, na mimi nimesimama pale waya ikining'inia mkononi kama mkia wa panya.

“Huo ni mlango mmoja tu,” Karani akaniambia polepole, karibu kwa huruma. “Iko na mingine.”

Askari wa geti akanitoa nje kwa kiwiko. Watu waliokuwa kwenye benchi waliangalia viatu vyao. Hapo nje ndipo niliposoma sehemu ambayo macho yangu yalikuwa yameiruka, ya umri. Marehemu alikuwa mwanamke mzee. Alikuwa mama ya mume wangu. Kwetu Meru binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na sisi hatukumpunguzia hata moja: la ubatizo, la nyumbani na la ukoo, yote. Nyanya alimbeba mjukuu wake miezi michache, akafa, na shemeji zangu wakaomba cheti cha kifo kwa ajili ya mambo ya shamba. Mimi nikaomba cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya jicho la mtoto. Maombi mawili, ofisi moja, majina yaleyale. Na katikati yetu, Karani.

Wacha niseme huyu mtu ni nani, maana nimemjua tangu nikivaa sketi ya shule, na hasira haijanisahaulisha.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa mbari gani. Sikuwahi kumuuliza na yeye hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa Karani. Kule shule ya upili Kianjai alikuwa karani wa shule, na alipohamia ofisi ya usajili hapa Meru mjini watu walimwita vilevile, kama mtu ambaye jina lilimfuata na koti. Mrefu, mkavu, sweta mbili hata jua likiwaka. Aliosha mikono kabla ya kushika karatasi nyeupe. Akifungua bunda jipya alilipepeta karibu na sikio, frrr, kichwa kimeinama, kisha ama analiweka kwenye trei ama analirudisha rafuni bila kusema kwa nini. Chakula chake kilikuwa nduma ya kuchemsha, na aliila ameipa mashine mgongo.

“Mbona unageuka, Karani?” nilimuuliza siku moja nikiwa kwenye foleni.

“Unaweza kula mbele ya mtu ambaye hajala?”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Printa yenyewe ni ya kijivu, kubwa kama jeneza la mtu mnene, na imewekwa kwenye chumba kilicho katikati ya dirisha la vizazi na dirisha la vifo. Waya ya bluu inatoka upande wa vizazi, ambako kompyuta zote zimeunganishwa kwa mtandao. Waya nyingine, fupi na nene, inatoka upande wa vifo, kwa kompyuta moja kuukuu ambayo haiwezi kuingia kwenye mtandao kwa sababu ya uzee. Mlango wa tatu hauna waya. Ni hewa. Bosi anatuma barua zake kutoka ghorofani kwa laptopu, na hakuna mtu huona chochote kikipita. Unaona tu taa ya kijani inaamka.

“Milango mitatu, mdomo mmoja,” Karani alipenda kusema.

Na ni kweli hivyo ndivyo ilivyofanya kazi. Mlango mmoja ukishaanza kusema, mingine inangoja mpaka umalize. Yule anayesema akinyamaza katikati ya neno, pengine kompyuta yake imekwama, mashine haimrukii. Taa inageuka njano, inamsubiri kidogo, ndipo inageukia mwingine. Karani aliita hiyo adabu. “Watu hawana,” alisema. “Hii iko nayo.”

Siku moja Bosi alishuka ngazi mwenyewe, tai imemkaba.

“Karani! Barua yangu iko wapi?”

“Inangoja, Bosi.”

“Inangoja nani?”

“Marehemu mmoja wa Kangeta.”

“Mimi ndio mkubwa hapa!”

“Ndio, Bosi. Lakini mashine haijaambiwa.”

Foleni nzima ilicheka ndani ya leso na kofia. Bosi akapanda ngazi tena. Hapo nilimpenda yule mzee, si uongo. Hakuwa na mkubwa wala mdogo. Aliyeanza amalize, basi.

Lakini alikuwa na mambo ambayo yalinisimamisha nywele hata nilipokuwa msichana.

Kule Kianjai printa ya shule ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa na waya ya Karani na waya ya naibu wa mwalimu mkuu. Sisi wasichana tulitumwa kuchukua karatasi za mtihani, tukangoja dirishani. Karani aliweka sikio juu ya kifuniko kabla hata mashine haijaanza kulia. “Ya Hisabati inakuja,” anasema. Inakuja ya Hisabati. “Sasa ya Dini.” Ya Dini. Tulidhani ni mchezo, tukawa tunabashiri naye, na hatukuwahi kumshinda. Halafu siku moja aliweka sikio, akanyamaza, akainuka, akaenda kuvaa koti lake. Mashine ilikuwa kimya. Alikuwa ameshafunga kifungo cha mwisho ndipo ikaanza kuvuta karatasi. Aliichukua bila kuisoma, akaikunja, akaenda darasani kumwita msichana mmoja wa kidato cha pili. Ilikuwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Baba yake alikuwa amefariki mchana huo.

Nimejiambia mara nyingi kwamba alisikia simu ikilia kwa naibu, ukuta ni mbao tu. Nimejiambia. Lakini nilikuwa pale dirishani, na sikusikia simu.

Tena hakukubali jina lake lichapishwe. Pale ofisini kuna orodha ya wafanyakazi ukutani, safi, mistari yote imetoka kwa mashine, isipokuwa mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya wino. Ni wake, na mwandiko umebanwa hivi kwamba husomi kitu.

“Unaogopa nini?” nilimuuliza.

“Jina likipita mle ndani linabaki.”

Ningecheka tena, ila siku hiyohiyo fundi wa kompyuta alikuwa amekuja kutoka Embu, msichana wa rika langu, suruali ya jinzi, akitafuna bablishi, naye akaitikia akiwa amelala chini ya meza. “Hapo hajakosea, madam. Iko na kumbukumbu. Vitu vinakaa ndani.”

Fundi aliitwa kwa sababu ya ndimi.

Hilo ndilo jina watu waliipa tabia moja ya ile mashine. Mara kwa mara, badala ya cheti, mashine ilitoa kurasa za ajabu: mstari mmoja juu kabisa, alama za asilimia, mabano yaliyofunguliwa na hayakufungwa, namba, herufi zimeshikana bila nafasi, halafu ukurasa mzima mtupu. Ukurasa wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Inaweza kumaliza trei. Sisi hapa ni watu wa kanisa, na mtu akiona maneno ambayo hayajui yanatoka kwa kasi namna hiyo, kuna kitu kimoja tu anafikiria: kunena kwa ndimi. Kina mama kwenye benchi walianza kusema “Amina” chinichini. Wengine kwa mzaha mwanzoni. Baadaye hakukuwa na mzaha.

Karani alizikusanya zile kurasa, akazipitisha mbele ya macho yake, midomo ikicheza.

“Imesema nini leo, Karani?” mtu anauliza.

“Imesema mngoje.”

Na watu wanangoja! Watu wazima, wameacha ng'ombe hawajakamuliwa Ruiri, wameacha gorogoro zao za kupimia maharagwe sokoni, wanangoja kwa sababu printa imesema.

Fundi alitoka chini ya meza akijipangusa magoti. “Hakuna pepo hapa. Mashine hii inajua lugha mbili. Moja ni ya amri: weka herufi hapa, shuka mstari, toa karatasi. Ya pili ni kama ramani ya nyumba: inapewa maelezo ya ukurasa mzima halafu inajijengea. Sasa kazi ikiingia, inaangalia maneno ya kwanza, inakisia hii ni lugha gani. Hiyo kompyuta ya vifo imezeeka, haijitambulishi vizuri mlangoni. Printa ikikisia vibaya, inaandika zile amri zenyewe badala ya kuzitii.”

“Kama mtu anaambiwa ‘keti’,” Karani akasema, “naye badala ya kuketi anasema ‘keti, keti, keti’.”

“Eee! Umeshika, mzee. Sasa nimeiambia, mlango huu wa waya fupi ni lugha hii moja tu, usikisie. Imeisha hiyo.”

Nilikuwa nimesimama pale kaunta. Nilimwona fundi akiondoka na mkoba wake. Nilimwona Karani akingoja mpaka geti lifungwe, kisha akabonyeza vitufe vya mashine kimoja kimoja, bila haraka, na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

“Karani! Si ametengeneza?”

“Huwezi kumfunga mtu ulimi kwa sababu hujaelewa anachosema.”

Nikamwachia. Alikuwa mtu wangu wa Kianjai, aliyetupa karatasi zilizoharibika tufanyie hesabu za majaribio wakati hatukuwa na madaftari. Hapa usajili alizigawa kwa watoto wa kwenye benchi, wachore. Mchoyo huyo wa karatasi, mtu ambaye angekufuata mpaka getini kwa sababu umechukua mbili za nembo badala ya moja, angeinama mbele ya mtoto anayelia na kumpa kurasa za ndimi, rundo. Binti yangu alipewa karatasi pia. Aliishika kwa mikono yote miwili akaileta karibu na jicho lake la kulia, karibu kabisa, mpaka pua ikagusa.

La kushoto halioni. Lina weupe katikati, kama tone la maziwa. Daktari wa macho kule Embu hakunificha kitu. “Mama Nkatha, jicho linajifunza kuona kama mtoto anavyojifunza kutembea. Tukitoa huu ukungu mapema, litajifunza. Likikaa gizani likazoea, ubongo utaliacha. Hapo hata tukilisafisha liwe kama kioo, halitaona.” Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha majani chai na bima yake inamlipia mtoto, ila mtoto lazima aandikishwe, na hawezi kuandikishwa bila cheti cha kuzaliwa. Ni hivyo tu. Karatasi moja.

Kwa hiyo nilikwenda. Msichana wa dirisha la vizazi anaandika, anabonyeza, anasema, “Imeenda, ngoja uitwe.” Nangoja. Mashine inaamka, inavuta, inatoa ndimi. Karani anasoma, anatazama mtoto mgongoni mwangu, anatingisha kichwa. “Bado, mwari. Rudi.” Narudi Kianjai. Narudi Meru. “Imeenda, ngoja uitwe.” Ndimi. “Bado.” Kila nikienda nilimfunika mtoto jicho zuri kwa kiganja, kama daktari alivyonifundisha, nione kama lile la pili linafuata mwanga. Mwanzoni lilifuata kidogo mlangoni kwenye jua. Baadaye likaacha kujisumbua.

Na sikupiga kelele. Mimi! Kwa sababu alikuwa Karani. Mpaka ile karatasi ya joto.

Siku iliyofuata baada ya kung'oa waya, Bosi aliniita ofisini juu. Nilidhani ataomba msamaha. Alifungua laptopu, akaigeuza kidogo, nisione vizuri.

“Mama, hapa inaonyesha Jerusha Nkatha Muriungi, imetolewa. Imepokelewa na mama mwenyewe. Hii si sahihi yako?”

“Ni yangu. Lakini walinipa cheti cha kifo cha nyanya yake! Hiki hapa.”

Alikiangalia. “Hiki kiko sawa. Ni cha marehemu.”

“Na cha mtoto kiko wapi?”

“Kimetolewa.”

“Kwa nani?”

“Kwa wewe.” Akafunga laptopu. “Kama umekipoteza, nenda uape mbele ya wakili kwamba umekipoteza, halafu uombe upya. Na mambo ya waya tutaongea.”

Niape kwamba nimepoteza kitu ambacho sijawahi kushika. Niliuliza Karani yuko wapi aseme alichofanya. Nikaambiwa ametumwa likizo mpaka astaafu, hatarudi.

Basi nikaenda kwake. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, jua la saa nane, Ruiri, upepo ule unaorusha vumbi mpaka kwenye meno. Sikupotea. Nilimwambia mwanamke wa duka natafuta nyumba ya Karani, naye akanyoosha kidole bila kuuliza karani yupi. Nilimkuta uani anapembua maharagwe kwenye gunia, sweta zake mbili, mikono safi. Hakushtuka.

“Nilijua utakuja. Keti.”

“Sitaki kuketi. Nataka kujua mtoto wangu alienda wapi.”

Alinisogezea kigoda hata hivyo, na nilikuwa nimechoka, nikaketi. Alimwangalia Nkatha. Akainamisha kichwa, sikio likielekea kifua cha mtoto, kama alivyokuwa akifanya kwenye kifuniko cha ile mashine. Uani palikuwa kimya, hata kuku hawakukwaruza.

“Atalia sasa,” akasema.

Mtoto alikuwa anatabasamu. Halafu uso ukakunjamana, akalia.

Nilimvuta kifuani kwangu. “Usimsikilize mtoto wangu! Niambie ulifanya nini.”

Akaniambia. Alikuwa mtulivu kabisa. Kwenye kidirisha cha mashine, alisema, majina ya kazi zinazongoja huonekana kabla hazijatoka. Kila asubuhi ile kompyuta kuukuu ya vifo ikiwashwa ilituma tena kazi ambayo haikuwahi kukamilika, ya Jerusha Nkatha Muriungi, kwa waya fupi. Na kila nilipokuja, upande wa vizazi walituma Jerusha Nkatha Muriungi kwa waya ya bluu. Jina moja, milango miwili. Wafanyakazi kila wakati hubonyeza mara mbili wakiona mashine inachelewa, karatasi za nembo zinaharibika, na kazi yake ilikuwa kuzilinda. Jina likionekana mara mbili, alifuta moja.

“Ulifuta ya mtoto.”

“Nilifuta moja.”

“Ya mtoto, Karani! Kila mara! Hukuona moja ni ya kuzaliwa na nyingine ni ya kufa?”

“Niliona.”

Nilikuja nikitarajia aseme hakuona.

“Nilimjua nyanya yake,” akaendelea, maharagwe yakipita vidoleni. “Alikuja pale akiwa mzima, kufuata karatasi za mzee wake. Alikuwa na jicho moja. La kushoto lilikuwa na maziwa.” Akanyanyua kidevu kuelekea Nkatha. “Sisi tunasema nini mtoto akipewa jina la mtu? Tunasema amerudi. Nikamwona huyu mgongoni kwako na jicho lilelile. Sasa mtu mmoja atatokaje kwa milango miwili? Lazima mmoja amalize. Nikamwachia nyanya atoke kwanza, mashine ikamkataa, nikangoja. Ikamkataa, nikangoja. Siku ile ikamwelewa.”

“Na huyu?”

“Huyu ni mtoto. Nilimfuta yule asiye na haraka.”

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Asiye na haraka! Nilimwambia yote aliyosema daktari, jicho linavyozoea giza, ubongo unavyoliacha. Nilisema kwa kelele, kwa Kiswahili, halafu kwa Kimeru, ili hata majirani wasikie. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Alikuwa na adabu, sijui kama nimesema.

Nilipomaliza alitia mkono ndani ya maharagwe, akauacha humo.

“Hilo haikuniambia,” akasema.

“Nani hakukuambia? Printa? Ungeniuliza mimi! Nilikuwa mbele yako, na mdomo wangu!”

Hapo ndipo nilipomwona amezeeka. Alitaka kumgusa mtoto kichwani, akaona uso wangu, akarudisha mkono.

“Nenda ushtaki, mwari,” akasema. “Wakiniita nitasema. Lakini hawataniita. Usingoje niitwe.”

Sikungoja chai yake. Kesho yake nilirudi Meru mjini, nikanunua karatasi mbili za mistari dukani, nikaandikia pale pale kwenye benchi ya ofisi, mtoto miguuni. Niliwasilisha kwa mkono, nikakataa kuondoka mpaka nakala yangu ipigwe muhuri. Nakala ndiyo hii.

Kwa Msimamizi wa Usajili.

KUH: MALALAMISHI KUHUSU CHETI CHA KUZALIWA CHA JERUSHA NKATHA MURIUNGI

Mimi ni mama ya mtoto aliyetajwa hapo juu. Nalalamika kwamba ofisi yako imeandika kuwa nimepokea cheti chake cha kuzaliwa. Sijakipokea. Nilichopokea ni cheti cha kifo cha nyanya yake mwenye majina hayohayo, na nimekiambatisha hapa mkione.

Kazi ya mtoto ilifutwa kwenye printa kila ilipotumwa, kwa sababu jina lake lilifanana na la marehemu. Aliyeifuta amenikubalia kwa mdomo wake mwenyewe. Mnajua anakoishi. Muulizeni.

Ofisi yako inanitaka niape kwamba nilipoteza cheti. Siwezi kuapa uongo. Waya niliyong'oa nitalipa. Cheti sitalipia tena.

Naomba neno “imetolewa” lifutwe kwenye jina la mtoto, na cheti chake kichapishwe leo, mtu akiwa amesimama hapo kwenye mashine akisoma kilichoandikwa, si jina peke yake.

Naomba leo kwa sababu mtoto ana jicho linalohitaji kupasuliwa, na daktari amesema linazoea giza. Sijui limebakisha muda gani. Daktari naye hajui.

Kama bado mna shaka ni yupi aliyekufa na ni yupi aliye hai, sijaondoka. Niko hapa nje kwenye benchi na mtoto yuko nami. Tokeni mmwone.